Kompyuta ya Nyumba: Mpya ya Bei Rahisi, au Kuukuu ya Ofisini?

Juma hili twataka kuzungumza juu ya kitu ambacho zamani kilikuwa cha ofisi tu, na leo kimeingia majumbani mwetu: kompyuta ya kukunjwa kama kitabu. Vitabu vya Kiswahili huiita kompyuta mpakato. Vijana wetu hapa Goma huiita mashine, basi. Katika nyumba nyingi za Himbi, za Katindo, za Majengo na za Ndosho swali ni lile lile. Mtoto amefika mwaka wa mwisho katika chuo kikuu, naye adaiwa kazi ya kumaliza masomo iliyopigwa chapa vizuri. Mama auza sambaza au vitenge, naye ataka kuandika madeni ya wateja mahali pasipofikiwa na panya wala mvua. Baba ni mwalimu, au karani wa chama, na kila mwisho wa muhula hulipa watu wengine wampigie chapa karatasi zake. Fedha ipo kidogo, imekusanywa kwa likelemba miezi mingi. Je, itanunua nini?

Swali hili si dogo. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa M23, mabenki yalifunga milango, na noti zikawa adimu mikononi mwa watu. Nyumba inayotupa dola mia mbili kwa mashine mbovu katika nyakati za namna hii haipotezi mashine peke yake. Yapoteza karo ya mtoto mdogo, au mtaji wa mama, au vyote viwili. Na baada ya hapo huja maneno makali kati ya mume na mke, ambayo hayatengenezwi na fundi wa umeme.

Basi twasema neno letu tangu mwanzo, ili msomaji asisumbuke kulitafuta. Kwa fedha ndogo, mashine kuukuu iliyotengenezwa kwa kazi ya ofisi huipita mashine mpya iliyotengenezwa ili iuzwe rahisi. Lakini yapo masharti mawili: mnunuzi aijaribu kwa saa nzima kabla ya kutoa fedha, tena ajue imetoka wapi. Asiye na saa hiyo moja, afadhali angoje.

Kazi gani itafanywa?

Mtu anayekwenda Masisi kununua ng'ombe wa maziwa hatazami yale anayotazama mtu wa kununua ng'ombe wa kuchinja. Vivyo hivyo na mashine. Kabla ya kwenda sokoni, keti na jamaa wa nyumba, baba, mama na watoto wakubwa, mkaandike katika karatasi kazi zitakazofanywa. Mama asiachwe nje ya shauri hili, maana mara nyingi fedha ya likelemba ni yake, na hesabu za duka ni zake.

Ikiwa kazi ni kuandika barua na kazi za chuo, kufanya hesabu za biashara, kusoma vitabu na kutafuta habari katika intaneti, mashine ya kiasi yatosha kabisa. Ikiwa kijana ataka kukata filamu za arusi au kuchora ramani za majengo, hiyo ni kazi nzito, na fedha ndogo haitaifikia. Na ikiwa haja ni kutuma habari na kuona picha za jamaa walio mbali, simu iliyo mfukoni yafanya hayo. Tena mtu mwenye barua moja kwa mwezi na aende kwa wapiga chapa walio kando ya njia, alipe kwa kurasa, arudi nyumbani na amani yake. Si aibu kukosa kompyuta. Aibu ni kuinunua kwa sababu jirani anayo.

Mashine mbili juu ya meza moja

Tuseme, kwa mfano, kwamba nyumba imeweka dola 250. Muuzaji aleta mashine mbili.

Ya kwanza ni mpya, imo ndani ya boksi lake, nyepesi, yang'aa. Ndani yake mara nyingi mna prosesa ya Celeron, kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 4, na hifadhi ya gigabaiti 64. Maneno haya yamewatia hofu watu wengi, lakini maana yake ni rahisi. Fikiri jiko la mama. Prosesa ni mpishi. Kumbukumbu ya kazi ni meza ya kukatia mboga. Hifadhi ni ghala ya vyakula. Sasa, Windows 11, ambayo ndiyo programu kuu ya mashine nyingi za leo, yenyewe hudai gigabaiti 4 za kumbukumbu na gigabaiti 64 za hifadhi kama kiasi cha chini kabisa. Maana yake, mpishi dhaifu amepewa meza ndogo, nayo meza imejaa kabla hajaanza kukata kitunguu; na ghala yake imejaa magunia ya mwenye nyumba. Ubaya zaidi, katika mashine nyingi za namna hii kumbukumbu na hifadhi zimechomelewa juu ya bao la ndani. Ukitaka kuongeza meza au kupanua ghala, haiwezekani. Ilivyozaliwa ndivyo itakavyokufa.

Ya pili si mpya. Pembe zake zimekwaruzika, na vibonye vingine vimeng'aa kwa vidole vya mtu asiyejulikana. Ni ThinkPad T480 ya Lenovo, au Latitude 5490 ya Dell, au EliteBook 840 G5 ya HP. Zote tatu ni za mwaka 2018. Mashine za jamii hii hazikutengenezwa kwa ajili ya maduka ya rejareja. Makampuni makubwa huzinunua kwa mamia, huzitumia miaka mitatu, minne au mitano, kisha huziuza kwa jumla ili kununua nyingine. Nyingi hupitia Dubai, hushuka katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na hatimaye hupanda milima mpaka kwetu.

Kwa kuwa kampuni haipendi kutupa mashine mia kwa ajili ya kibonye kimoja, watengenezaji waliziweka tayari kwa matengenezo. Fundi mwenye bisibisi hufungua kifuniko cha chini, naye huona nafasi mbili za kumbukumbu: anaweza kutoa gigabaiti 4 akatia 8, au akaongeza nyingine. Hifadhi hutolewa na kubadilishwa. Betri hupatikana. Huo ndio uzuri wa mashine kuukuu ya ofisini: ina mifupa, na mwenye mifupa hunenepeshwa.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mtu. Mashine kuukuu ina kasoro zake. Betri imechoka. Kioo huenda kimepungua mwanga. Dhamana ya kiwanda imekwisha zamani. Lakini hata dhamana ya ile mpya, uliza swali moja: inatumika wapi? Barua ya dhamana inayokutaka upeleke mashine katika nchi nyingine, uvuke mpaka na ulipe ushuru wa kwenda na kurudi, ni karatasi tu.

Jina lisikudanganye

Wauzaji hupenda kutamka «Core i7» kwa sauti kubwa, kama mtu atajaye ukoo wa kifalme. Mnunuzi asikiaye i7 hudhani amepata kuliko mwenye i5. Si lazima iwe hivyo. Baada ya jina hilo huja namba, na namba ndiyo yenye habari. Prosesa iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Iliyoandikwa i7-7600U ni ya kizazi cha 7. Hiyo i5 ya kizazi cha 8 ina viini vinne vya kufanyia kazi, na hiyo i7 ya kizazi cha 7 ina viwili. Mpishi mmoja ana wasaidizi zaidi, ingawa cheo chake ni kidogo.

Kizazi cha 8 kina faida nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10, yaani yale marekebisho ya kuziba matundu ambayo wezi wa intaneti hupenyea. Windows 11 haikubali rasmi kila mashine. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 iliyo rahisi sana sokoni ni rahisi kwa sababu. Muuzaji akikuambia ameitia Windows 11 kwa ujanja wake, ujue kwamba Microsoft haikuahidi kuitunza.

Je, mwenye fedha ya mashine ya kizazi cha 6 tu afanyeje? Asikate tamaa. Iko programu kuu nyingine ya bure, iitwayo Linux Mint, isiyodai mashine mpya. Na iko LibreOffice, ya bure vile vile, ambayo huandika barua na kufanya hesabu, tena hufungua maandishi mengi yaliyofanywa kwa Word. Kijana mwenye subira hujifunza hizo kwa juma moja au mawili. Afadhali programu ya bure iliyo halali kuliko ya wizi iliyojaa virusi.

Jambo la mwisho juu ya ndani ya mashine ni aina ya hifadhi. Zile za zamani zina diski inayozunguka kama sahani ya santuri. Zile bora zina hifadhi isiyozunguka, ambayo wauzaji huiita SSD. Inayozunguka ni ya pole pole, nayo huogopa mtikisiko. Na ni nani asiyejua mtikisiko wa pikipiki juu ya mawe ya Goma? Chagua SSD, gigabaiti 256 yatosha. Kumbukumbu ya kazi iwe gigabaiti 8. Ukipata hizo mbili na kizazi cha 8, mashine itafanya kazi za nyumba miaka kadhaa bila kukuchosha roho.

Umeme wetu na betri yake

Mashine nzuri huko Ulaya inaweza kuwa mbaya hapa, maana huko umeme haukatiki. Goma hupata umeme wa SNEL kutoka Ruzizi, na umeme wa Virunga Energies kutoka Matebe katika Rutshuru, mtambo wenye nguvu ya megawati 13 hivi uliozinduliwa mwaka 2015. Hata hivyo kila mtu ajua jioni za giza, na siku ambazo nyaya zimekatwa na vita. Kwa hiyo betri si pambo. Ni nusu ya bei.

Tufanye hesabu. T480 huwa na betri mbili, moja ndani na moja nyuma; mara nyingi kila moja ina uwezo wa wati-saa 24, jumla 48. Mashine ikiandika barua tu hula kama wati 10. Basi betri mpya zingetoa saa nne na zaidi. Zikichoka na kubaki na sita kwa kumi ya nguvu zake, zitatoa chini ya saa tatu. Ile ya nyuma hutolewa kwa mkono bila bisibisi, na ya ndani huendelea kuiwasha mashine. Mtu mwenye betri ya nyuma ya akiba huibadilisha huku akiandika, kama mpiganaji abadilishaye ngao.

Kwa sababu hii mashine ya kukunjwa yatufaa kuliko ile ya mezani, ambayo pamoja na kioo chake huweza kula umeme mara tano, na huzima pale pale stima inapokatika. Nyumba yenye sahani ya jua ya wati 100 na betri yake yaweza kulisha mashine ya kukunjwa. Ya mezani itailemea.

Tazama pia chaja. Juu yake pameandikwa namba. Yafaa pasomeke 100-240V, maana yake hukubali umeme wetu wa volti 220. Kisha tazama namba za upande wa kutoa: kwa mfano 20V na 3.25A. Zidisha moja kwa nyingine, utapata wati 65, nazo ndizo mashine hizi huhitaji kwa kawaida. Chaja nyepesi kama boksi tupu, isiyo na namba au yenye namba zilizofutika, ikatae. Chaja mbaya imeua mashine nyingi nzima. Na waya ukiwa na meno matatu bapa ya Kiingereza, usiongezee vipande juu ya vipande mpaka moto uwake. Waya huo huchomoka katika chaja, ununue mwingine wenye meno ya mviringo ya kwetu.

Herufi za Kifaransa na herufi za Kiingereza

Watoto wetu wamefundishwa kibodi ya Kifaransa, ile ianzayo kwa A, Z, E, R, T, Y. Mashine zipitiazo Dubai na Kampala mara nyingi zina ya Kiingereza, ianzayo kwa Q, W, E, R, T, Y. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vivyo hivyo, na M imehamia upande wa kulia wa L. Mwandishi wa Kiswahili hapati taabu kubwa, maana Kiswahili hakina vikofia juu ya herufi. Lakini mwanafunzi aandikaye Kifaransa ahitaji é, è, ç na à. Dawa ipo: katika mipangilio ya lugha mashine huambiwa ifuate kibodi ya Kifaransa, na juu ya vibonye hubandikwa karatasi ndogo zenye herufi. Dawa hii ni ya bei ndogo. Basi usiache mashine nzuri kwa sababu ya herufi, wala usilipe bei ya juu kwa sababu yake.

Saa moja ya kujaribu

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mashine inayokimbizwa mkononi mwa kijana katika njia za Birere, yenye bei inayoshuka kila ukigeuka, iache ipite. Nenda kwa muuzaji mwenye mlango, ambaye kesho utamkuta pale pale. Ukifika, mwambie bila aibu: «Ndugu yangu, nipe saa moja.» Muuzaji mwema hatakasirika.

Washa mashine bila chaja, ikiwa baridi. Ikikataa, betri imekufa. Ikiwaka, fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote, utazame madoa meusi na mistari. Kisha andika kila herufi ya kibodi, moja moja, na namba zote. Fungua na kufunga kifuniko mara kumi. Bawaba ikilia au kioo kikicheza-cheza, kumbuka hilo katika bei. Chomeka flashi katika kila tundu. Chomeka chaja na utikise waya polepole: taa ikizimika na kuwaka, tundu la umeme limelegea. Jaribu sauti, jaribu kamera, unganisha na intaneti ya simu yako.

Sasa chomoa chaja, betri ikiwa imejaa, cheza filamu nusu saa. Ikiwa namba ya betri imeshuka kutoka 100 mpaka 70, hesabu ni rahisi: itaisha kwa muda wa dakika 100 hivi. Wewe ndiwe uamuzi kama zakutosha. Anayejua kidogo zaidi na afungue dirisha jeusi la amri, aandike powercfg /batteryreport. Mashine itatoa karatasi inayoonyesha uwezo wa betri ilipozaliwa na uwezo wake wa leo. Muuzaji aweza kusema uongo. Karatasi hiyo haina fungu katika biashara.

Wakati filamu inacheza, weka mkono kwenye matundu ya hewa. Joto ni jambo la kawaida. Lakini feni ikipiga kelele kama kinu, au mashine ikizimika yenyewe, ndani mna vumbi au ugonjwa. Tazama tumbo la mashine juu ya meza tambarare: likiwa limevimba, betri imevimba. Hiyo ni hatari ya moto. Usiinunue, wala usikubali kubebeshwa.

Imetoka wapi?

Hapa twafika pagumu. Katika vita vya Januari 2025 maghala na ofisi nyingi za mji ziliporwa, na mali ya watu ikauzwa njiani kwa bei ya mzaha. Mashine ya ofisi ni chombo kinachobebeka; mwizi aipenda kuliko meza. Atakayeinunua huku akijua, au akijifumba macho ili asijue, amegawana na mwizi. Na kama mtu hajali haki ya mwenzake, basi ajali faida yake mwenyewe, maana makampuni mengi hufunga mashine zao kwa kufuli zisizoonekana.

Ijaribu kufuli hiyo mbele ya muuzaji. Zima mashine, iwashe, na papo hapo bonyeza-bonyeza F1 ikiwa ni ThinkPad, F2 ikiwa ni Dell, F10 ikiwa ni HP. Utaingia katika programu ya msingi iitwayo BIOS. Ikikudai neno la siri ambalo muuzaji halijui, irudishe juu ya meza. Vile vile Windows ikidai jina la kampuni au la mtu usiyemjua, si mashine yako, wala si yake.

Mwisho, dai karatasi: jina la muuzaji, tarehe, bei, na namba ya mashine iliyoandikwa chini ya tumbo lake. Shahidi mmoja atie sahihi. Anayekataa kuandika jina lake juu ya bidhaa yake amekwisha kukujibu.

Baada ya kununua

Vumbi la Goma si vumbi la udongo. Ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu, nayo hukwaruza. Funika mashine kwa kitambaa isipotumika. Usiiweke juu ya kitanda au blanketi, maana itakosa pumzi. Kila miezi sita fundi aifungue na kupuliza feni. Kikombe cha chai kikae meza nyingine.

Zaidi ya yote, usiweke maisha yako katika mashine moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena, na siku tano baadaye serikali ya mkoa iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mamia ya maelfu ya watu walikwenda Sake, Rwanda na Bukavu, wengi na kile tu walichoweza kubeba. Mashine ya kilo moja na nusu hubebeka. Lakini huanguka pia, huibiwa, hulowa. Basi kila Jumamosi mwanafunzi anakili kazi yake katika flashi mbili, moja ikae nyumbani mbali na mashine, na moja kwa jamaa wa mtaa mwingine. Apelekapo maandishi kwa barua pepe yake mwenyewe, amefanya nakala ya tatu bila gharama kubwa. Mama naye afanye hivyo na hesabu za duka, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililo peke yake hupotea vile vile.

Kumbukeni pia kwamba ndani ya kila mashine ya namna hii mna vipande vidogo vya tantali, madini yatokayo katika koltani. Na koltani huchimbwa kwa mikono katika vilima vya Rubaya, kule Masisi. Jasho la ndugu zetu lilikwenda mbali, likarudi kwetu likiwa limetumika nusu. Kuitunza mashine kuukuu miaka mingine mitano ni kuliheshimu jasho hilo. Na betri iliyokufa usiitupe motoni wala jalalani penye watoto; mrudishie fundi.

Basi, ndugu msomaji, hukumu yetu ni hii. Kizazi cha 8, gigabaiti 8, hifadhi isiyozunguka, betri iliyopimwa, kufuli iliyojaribiwa, karatasi yenye jina. Ukipata sita hizo kwa fedha uliyo nayo, nunua, hata kama pembe zimekwaruzika. Ukikosa moja, punguza bei au ngoja. Likelemba itazunguka tena, na mashine nyingine itapanda milima. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya mama wa duka na namna ya kuandika madeni ili wateja walipe na urafiki usivunjike.